Siku Niliyopimwa Kama Pamba

Mkinicheka nitawaelewa, maana hata mimi nikikumbuka nikiwa peke yangu kwenye cherehani huwa nasimamisha mguu nicheke kwanza, halafu ndipo nione aibu, na aibu yenyewe si ndogo: ni ya mtu mzima, fundi wa nguo anayejulikana Homa Bay nzima, kuning'inia mbele ya wauza pamba akiwa amevaa chupi juu ya suruali. Naam, juu. Ngojeni niwaeleze ilivyofika huko, msije mkadhani nilikuwa nimelewa.

Miaka ile ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya, kulikuwa na gari la watu wa kutangaza sabuni lililokuwa likizunguka na sinema, leo Kendu Bay, kesho kwetu, na jioni wanatundika shuka kubwa jeupe ukutani kwa ghala la pamba, sisi tunakaa chini kwenye nyasi, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti anatufasiria Kizungu kwa Kiswahili chake (cha kuungaunga, lakini nani alikuwa na kingine?). Katika sinema zote walizoleta, mbili ndizo zilizogawa mji. Ya kwanza ilikuwa ya steringi mmoja mwenye kinyago na joho refu, anaruka kutoka ghorofa hadi ghorofa, naye tulimwita Otenga, yaani mwewe. Ya pili ilikuwa ya jamaa aliyekuwa anasimama tu kifua wazi, risasi zinamgonga na kuanguka chini kama punje za mahindi, huyo tukamwita Kifua.

Mimi nilikuwa wa Otenga. Okoth, fundi wa baiskeli niliyekuwa nagawana naye baraza ya duka, alikuwa wa Kifua, na ubishi wetu ulikuwa unaanza asubuhi kabla sijatia uzi kwenye sindano na unaisha tukifunga, wateja wenyewe wakaacha kuuliza nguo zao na kuanza kuuliza nani ameshinda leo.

"Omera, ndugu yangu, mwanaume ni yule anasimama," Okoth alikuwa anasema huku anapuliza tyubu. "Huyo wako anakimbiakimbia na shuka. Tena chupi ameweka nje! Mama yake hakumfundisha kuvaa?"

Hapo ndipo aliponigusa, kwa sababu jamaa wa kipaza sauti alikuwa ametuambia waziwazi, Otenga alipokuwa anavaa, kwamba "nguvu yake yote iko kwa hii nguo." Sasa mwambie fundi wa nguo kwamba nguvu ziko kwenye nguo, uone kama atakubali tena sinema nyingine iitwe bora! Nilimwambia Okoth hiyo ndiyo sinema kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa, kwa sababu ndiyo pekee iliyosema ukweli kuhusu kazi ya fundi.

Okoth akacheka mpaka akaangusha pampu. "Nguo imrushe mtu? Hata hii shati ulinishonea haijanirusha popote."

"Nitaishona," nikasema. "Nitaivaa, na nitaruka."

Neno moja tu hilo, nitaishona, na mngenikata ulimi siku ile mngekuwa mmeniokoa.

Maana kulikuwa na jambo lingine ambalo lilipaswa kunituliza. Nilikuwa namchumbia Akeyo. Nilimpenda yule msichana, nasema bila kuzunguka, nilimpenda mpaka nikawa nashona mifuko ya mashati upande usio wake. Watu wa kwao, huko upande wa Kendu Bay, walikuwa Wasabato wa kweli, sinema kwao ni dhambi, na mama yake ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Shangazi yangu, aliyekuwa mshenga, alikuwa ameulizwa na huyo mama kama kijana ni mtu wa sinema, akajibu (shangazi yangu akitaka jambo lake hajui breki), "Huyo? Hata hajui sinema ni nini." Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo shangazi alikuwa anaenda kuchukua jibu.

Nami katikati ya wiki hiyo nashona joho.

Nililishona kwa kaniki mbili nilizounganisha, mshono mara mbili, shingoni nikaongeza mara tatu, kwa sababu nilitaka Okoth aone kazi. Kinyago nikakikata kwenye kipande cha khaki. Nguo ya ndani (ambayo sasa ilikuwa ya nje) ilitoka kwenye masalio ya pazia jekundu, nami nikaivaa juu ya suruali yangu ya kanisani, nikajiangalia kwenye kioo cha duka, na Mungu anisamehe, nilijiona nimependeza.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kununua pamba. Mbele ya ghala palikuwa na marundo mawili ya magunia, na katikati yake, kwenye boriti ya baraza, ilining'inia mizani ile kubwa yenye kulabu ya chuma. Aliyekuwa anapima ni karani mmoja Mkuria kutoka Kegonga, mtu wa kazi sana, anasoma uzito kwa sauti bila kuinua macho. Okoth akaniambia nipande rundo la huku nirukie la kule, tumalize maneno. Watu wakaanza kupiga makofi. Jamani, msipigiwe makofi mkiwa mmevaa joho, yanapanda kichwani vibaya sana.

Nikaruka. Na nilivyoruka! Nawaapia kwa muda kidogo nilikuwa Otenga mwenyewe, joho limejaa upepo, chini yangu wamama wamefungua midomo. Kisha kinyago kikahama, tundu la jicho likaenda sikioni, nikasikia kitu kimenivuta shingoni nyuma, na nikasimama hewani.

Kulabu ilikuwa imenasa joho. Nguo ya fundi mwingine yeyote ingechanika ikaniachilia nianguke kwa heshima, lakini hii nilikuwa nimeishona mimi, mara tatu shingoni, na haikuachia hata uzi mmoja. Nikawa nimeshika shingo ya joho kwa mikono miwili nisinyongwe, miguu inatafuta ardhi, chupi nyekundu inawaangalia watu machoni. Nikalia, "Mama!"

Yule karani, bila kuinua macho, akasoma uzito wangu kwa sauti, akatoa uzito wa gunia tupu kama kawaida, kisha akauliza, "Hii ni ya nani?"

Soko likapasuka kwa kicheko. Lakini nikajipa moyo: nina kinyago, nani atanijua? Watanishusha, nitakimbia na uso wangu uliofunikwa, na jioni nitakuwa fundi tena. Ndipo nikasikia kwenye foleni sauti ninayoifahamu kuliko sauti ya cherehani yangu.

"Mama, usiangalie! Geuka! Ni yeye!"

Akeyo. Mizani ya kwao ilikuwa imeharibika, wakapanda lori na pamba yao kuja kuuzia kwetu, na mimi sikuwa na habari. Alikuwa amenijua kwa kile kilio changu. Na msimlaumu, hakuwa na njia nyingine: kwetu mama mkwe hawezi kumtazama mkwewe akiwa ovyo, ni aibu kwa nyumba zote mbili, kwa hiyo ili kulinda heshima yangu ilimbidi msichana atangaze mbele ya soko zima kwamba ile chupi ni ya mkwe.

Mama yake akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa na kugeuka. Wamama waliokuja naye wakageuka. Wa nyuma yao wakaona hao wamegeuka, nao wakageuka, mpaka foleni nzima ya pamba ikanipa mgongo.

"Kwani wamama mnageuka nini?" karani akashangaa. "Leo hamtaki kuuza?"

Kisha mama akaongea, mgongo wake kwangu, kwa Kiswahili, kwa sababu asingeweza kusema nami moja kwa moja na karani hakujua Kijaluo.

"Wewe karani. Uliza hiyo gunia yako. Si tuliambiwa haijui sinema?"

Karani akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Unaulizwa, si uliambiwa hujui sinema?"

Ningeweza kusema nimetumwa, nimerogwa, nimeshikwa na malaria. Lakini mtu aliye kwenye kulabu hana akili ya kutunga. "Mwambie mama," nikasema, "shangazi alinisaidia tu. Naijua. Naipenda sana. Naomba radhi, na naomba kushushwa."

"Anasema anaijua, na anaipenda sana," karani akatangaza kwa sauti ileile ya kutangazia kilo.

Mabega ya mama yakaanza kutetemeka. Sikuweza kujua analia au anafanya nini. Wamama wenzake wakamchukua wakaondoka naye kuelekea lori, pamba yao haijapimwa, na Akeyo hakugeuka nyuma. Okoth akapanda na kisu cha kukatia mipira, akakata joho, nikaanguka kifudifudi, naye hata hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Siku zile mpaka Jumapili sikushona kitu. Niliumwa moyo kweli. Shangazi akaenda kwa wakwe akiwa ananitukana tangu mlangoni, nami nikabaki nimekaa barazani kwake kama mtu anayesubiri hukumu, hadi alipotokea kwenye njia, anatembea polepole, amejishika kiuno.

"Mama mtu amecheka toka siku hiyo hadi leo," akasema. "Amesema kijana aliyesema ukweli akiwa ananing'inia hatamdanganya mtoto wake akiwa ardhini. Akeyo ni wako."

Nikaruka (tena!), akanikamata mkono.

"Kaa chini. Kuna sharti. Suti ya harusi usishone wewe. Itashonwa na fundi wao, na asubuhi ya harusi mjomba wake atakuja kukukagua kabla hujaingia kanisani, aone kila nguo iko mahali pake."

Mimi! Fundi! Lakini nilikubali kabla hajamaliza. Na siku ilipofika mjomba alikuja kweli, akanizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akaitikia kwa kichwa akaridhika, nami nikamwoa Akeyo nikiwa ndani ya suti ambayo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake na suruali imeishia juu ya soksi, Okoth kanisani anaucheka kila mshono, na furaha imenijaa mpaka nikasahau maneno ya kiapo. Ndiyo maana nawaambia, bishaneni kuhusu sinema mpaka koo zikauke, lakini ubishi uishie mdomoni, msiupeleke kwenye cherehani, msije mkaoa kwa mshono wa mtu mwingine.