Yaliyodariziwa Ndani ya Koti

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, lakini Kiitaliano kilimnyoa bila maji. Binti yake aliolewa Italia, mimba ilikuwa ya miezi saba, na bila cheti cha lugha hiyo, mama mtu hangepewa viza ya kwenda kumpokea mjukuu.

Kilichomtoa jasho ni kukana. "Non ho visto nessuno," mwalimu alisoma. "Sikumwona yeyote. Unakana mara mbili. Ila nessuno ikitangulia, non inaondoka: nessuno è venuto, hakuja yeyote."

"Mtu anayekana mara mbili, mwalimu, ana la kuficha," fundi akasema. Darasa likaangua kicheko. Kwenye zoezi akapata sifuri.

Basi akaamua kutumia ujuzi wake. Alikata bitana mpya ya ndani ya mkono wa koti lake jeusi, akadarizi mifano yote karibu na pindo kwa uzi mweupe, herufi ndogo kama chawa. Alikosea, akafumua, akarudia, mara tatu nzima. Wiki hiyohiyo mwalimu naye alimletea koti jeusi, bitana ya mkono imechanika. Fundi akazitia bitana zote mbili asubuhi moja, simu kaibana begani, binti akilalamika miguu imevimba.

Siku ya mtihani wa mdomo aliketi mbele ya mwalimu, akapindua pindo kwa siri. Bitana nyeusi tii! Mwalimu akanyoosha mkono kuchukua kalamu, na ndani ya mkono wa koti lake herufi nyeupe zikachungulia.

Mwalimu akazisoma polepole, mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa Kiitaliano, nani kaandika humu.

Fundi akalishusha pindo lake. Liwalo na liwe. "Nessuno ha scritto niente," akajibu bila kupepesa. Hakuna aliyeandika chochote. "Io non so niente. Non ho visto nessuno." Sijui lolote, sikumwona yeyote. Maneno yalitoka yenyewe, kana kwamba vidole ndivyo vilivyoyakariri.

Mwalimu aliuma mdomo asicheke. "Mama, umenidanganya mchana kweupe," akasema, akitia sahihi kwenye cheti chake. "Na hujakosea hata neno moja."

Fundi alifika kwenye ngazi ndipo machozi ya furaha yakamtoka. Akampigia binti yake.

"Mwambie huyo aliye tumboni asithubutu kutoka kabla bibi yake hajafika."