Mkono wa Kushoto

Siku za soko nauza mbuzi hapa Garissa. Jumamosi mimi ni kiongozi wa skauti katika shule ya msingi ya mtaani kwetu. Silipwi, na anayeniuliza ninafaidika nini huwa simjibu.

Siku watoto walipokula kiapo tuliwaalika wazazi. Kila mtoto alipomaliza kuapa alinipa mkono wa kushoto, maana skauti husalimiana hivyo. Mama yangu, aliyekaa mbele kabisa, aliinuka akaenda zake kabla hata chai haijamiminwa.

Nyumbani nilimkuta amefura.

"Wallahi nilikuchapa ili usishike chakula kwa mkono huo," alisema. "Leo unawafundisha watoto wa watu kuutolea salamu?"

Nami hasira zikanipanda. "Hooyo, kushoto ndiko mtu anakoshika ngao. Akikupa mkono huo, ujue ngao ameiweka chini kwa sababu anakuamini."

Wiki nzima alinipa chakula bila neno, nami, kwa kuwa nimemrithi ukaidi, sikumbembeleza.

Jumamosi nilipokuwa nikitoka, skafu shingoni, alikuwa amesimama mlangoni. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuzungushia pindo la mtandio mpaka vidole havionekani. Akaunyoosha. Nikaupokea kwa wangu wa kushoto, na ndani ya kile kitambaa akanibana kwa nguvu.

"Huu ni wa skauti," alisema bila kutabasamu. "Mwanangu nitamsalimia akirudi."