Chumba cha Kariobangi

Krismasi ile, mama mkwe wangu ndiye aliyetukimbia. Kila mwaka sisi huenda kwake Theta, tukachinja mbuzi, tukala na ndugu na majirani hadi nyumba ikakosa pa kukaa. Lakini mara hiyo binti yake aliyeolewa Nanyuki alikuwa amejifungua, na mama akasema yeye anakwenda kumbeba mjukuu. Watoto wetu wawili wakaomba kufuatana na shosho wao. Walipoondoka, nyumba yetu ya Ruiru ikawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mume wangu na mimi tukabaki mezani tukinywa chai, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme la kufanya.

"Twende Nairobi," nikasema. "Tulale huko hata siku mbili."

Akacheka. Nairobi iko hapo tu. Mvua ikishanyesha na hewa kutakata, ukipanda juu ya paa letu unaona majengo yake. Mimi hushona sare za shule Thika, na mara kwa mara huenda mjini kununua vitambaa na vifungo, lakini ni kwenda na kurudi, mizigo mkononi, miguu inauma. Kulala huko, kuamka huko, kutembea bila kununua kitu, sikuwahi.

"Watu wote wanatoka, wewe ndio unataka kuingia?"

"Ndiyo. Nataka kuiona ikiwa haina watu."

Hilo lilikuwa kweli, ila kulikuwa na jambo jingine. Mume wangu aliishi Nairobi kabla hatujajuana, na miaka hiyo yote alikuwa ameikunja katika sentensi moja: "Nilikaa Kariobangi kidogo." Ukimuuliza zaidi, anarudia hiyo hiyo. Nilijua shule aliyosoma, nilijua ng'ombe aliyempiga teke akiwa mdogo na kumwachia alama gotini, nilijua hata msichana aliyemwandikia barua kabla yangu. Kuhusu Kariobangi sikujua lolote. Na mimi ni mtu wa kugeuza nguo ndani nje nione ilivyoshonwa. Nikiona mtu amevaa koti zuri, mkono huniwasha.

"Halafu unionyeshe mahali ulikuwa unakaa," nikaongeza.

"Hakuna kitu ya kuona, mama watoto. Ni chumba tu."

"Basi nionyeshe chumba."

Alikoroga chai yake, ingawa sukari ilishayeyuka kitambo. "Sawa," akasema mwishowe. "Lakini pengine walishabomoa."

Tuliingia mjini mchana wa siku ya kuamkia Krismasi. Upande wa pili wa barabara ya Thika magari yalikuwa yamesongamana yakitoka, magodoro yamefungwa juu ya paa, watoto wamebandika nyuso kwenye vioo. Upande wetu ulikuwa mtupu. Nilihisi kama mtu anayeingia ukumbini wakati wageni wanatoka, na badala ya kusikitika nikafurahi, kwa sababu huo ndio wakati unaona ukumbi wenyewe ulivyo.

Tulipata chumba katika hoteli ndogo karibu na Ngara. Nilikagua kila kitu. Nilifungua kabati tupu, nikajaribu taa ya kando ya kitanda, nikageuza pindo la pazia na kuona kwamba aliyelishona alikuwa na haraka. Mume wangu alikaa kitandani akinitazama.

"Unatafuta nini?"

"Sitafuti. Naangalia."

Jioni tulitembea katikati ya mji. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa mapema na nilisoma mabango ambayo siku zote hupita mbele yangu bila kuyaona, kwa vile macho huwa kwenye pochi. Niligundua kwamba juu ya maduka ya vitambaa ninayoyajua kuna ghorofa za zamani zenye roshani za mbao, na kwenye roshani moja mzee wa Kihindi alikuwa akimwagilia mimea mikebeni. Nimenunua vitambaa chini ya roshani ile miaka mingi na sikuwahi kuinua kichwa. Yule mzee alitupungia mkono, nasi tukampungia.

Asubuhi ya Krismasi tulisikia nyimbo kutoka kanisa fulani jirani. Mume wangu alinyoa ndevu polepole mno. Alivaa shati, akalivua, akavaa jingine.

"Tunaenda kwa nani, kwani?" nikamuuliza.

"Kwa hakuna mtu," akasema. "Twende kabla sijabadilisha mawazo."

Kariobangi haikuwa tupu kama katikati ya mji. Kulikuwa na wasichana waliovaa viatu vipya wakitembea kwa uangalifu, na mahali fulani mtu alikuwa anaunguza kichwa cha mbuzi. Mume wangu alitangulia. Alipotea mara moja, akarudi nyuma, akasimama kwenye kona ambapo palikuwa na ghorofa refu la rangi ya waridi.

"Hapa palikuwa wazi," akasema. "Tulikuwa tunaanika nguo." Kisha akanyoosha kidole kwenye lango la mabati lililokuwa nyuma ya ghorofa. "Kumbe bado iko."

Ilikuwa ploti ya zamani: vyumba vya mabati vilivyozunguka uwanja mdogo wa saruji, bomba moja katikati, kamba za nguo juu. Vyumba vingi vilikuwa na kufuli mlangoni, wenyewe wameenda mashambani. Uwanjani palikuwa na wanawake kadhaa wakikata vitunguu, na kwenye kiti cha plastiki bibi mmoja mnene aliyefunga leso kichwani, akiwaelekeza kwa mkono bila kuinuka. Alimtazama mume wangu kwa muda. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wewe si ni yule mtu wa chapati?"

Niligeuka kuona kama kuna mtu mwingine nyuma yetu.

"Ni mimi, shosho," mume wangu akasema, akainama kumwamkia.

"Ulienda kununua nini, ukapotea hivyo?" Bibi alimshika mikono yote miwili, akaitazama viganja. "Imekuwa laini. Siku hizi unafanya kazi gani?"

"Niko na duka Ruiru. Nauza saruji, misumari, vitu za ujenzi. Na huyu ndiye mke wangu."

Tulisalimiana. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye ploti, na tangu zamani ana desturi kwamba mpangaji yeyote asiyesafiri Krismasi anakula uwanjani pamoja na wengine. Alinieleza hayo akinisogezea kigoda, lakini sikio langu lilikuwa limebaki kwenye neno lile. Mume wangu hajui mahali ninapoweka chumvi. Nikiugua, watoto hupika. Katika maisha yetu yote ya ndoa sijamwona ameshika unga.

"Mtu wa chapati kivipi?" nikauliza.

Wanawake wakacheka. Bibi hakucheka. Alimtazama mume wangu, akanitazama mimi, akaelewa jambo. "Muulize mwenyewe," akasema. "Kwanza mwonyeshe chumba chako."

Kilikuwa cha mwisho, karibu na bafu. Siku hizi anaishi humo dada mmoja anayesuka nywele, na mtoto wake mchanga. Alitufungulia bila wasiwasi, akasogeza ndoo tupite. Nilisimama katikati nikazunguka. Kitanda, jiko la gesi, pazia la maua lililokigawa chumba. Dirisha lilitazama ukuta, na kati ya dirisha na ukuta mkono ungepita, kichwa kisingepita. Nikajaribu kumweka kijana humo, mwembamba, bila kitambi, bila mimi. Ilinishinda kidogo. Nilimwona tu huyu wangu, amesimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa kwa sababu mlango ni mfupi.

"Hii shelfu niliipiga mimi," akasema ghafla, akigusa ubao uliopigiliwa ukutani. Juu yake dada yule alikuwa amepanga mafuta ya nywele na maziwa ya mtoto.

"Ni wewe?" dada akasema. "Iko imara sana. Mimi hudhani ilijengwa pamoja na nyumba."

Tuliporudi uwanjani, beseni la unga lilikuwa limewekwa kwenye kigoda kitupu, na maji moto kando.  Bibi aliangalia tu kwingine, kama mtu asiyehusika.

"Hapana, shosho," mume wangu akasema. "Nimesahau."

"Sijasema kitu."

Alisimama hapo, mikono mfukoni. Mimi nilijitahidi nisimtazame, nikachukua kisu na kitunguu. Kisha nikasikia bomba linafunguliwa. Alikuwa amekunja mikono ya shati na anaosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko.

Sijui nilitarajia nini. Alimwaga maji kidogo kidogo, akatia chumvi bila kuipima, akaanza kukanda kwa ngumi, polepole, halafu kwa nguvu, mpaka unga ukaacha kushika beseni. Aliukata madonge, akayasukuma kwa chupa ya soda kwa sababu kifimbo cha kusukumia hakikupatikana, akayapaka mafuta, akayakunja kama mkanda na kuyaviringisha yakawa kama konokono. Alipofika kwenye jiko la makaa alikuwa ameshasahau kwamba ninamtazama. Aligeuza chapati kwa ncha za vidole. Mabega yake, ambayo nyumbani huyabeba kama mtu anayengoja kuitwa, yalikuwa yameshuka. Nilijiambia: huyu mtu simjui. Na wazo hilo halikunitisha. Lilinifanya nisogeze kigoda karibu.

"Ulifundishwa na nani?" nikamuuliza.

"Kulikuwa na mzee kutoka Mombasa, chumba kile cha kwanza." Alionyesha kwa kidevu. "Alikuwa anapika mapema sana, anapelekea watu wa viwandani kule Baba Dogo. Mimi nilikuja kutafuta kazi hapo kiwandani, nikakosa. Nikawa sina hata chakula. Akaniambia, wacha kukaa hapo mlangoni kama paka, njoo ukande unga. Nikakanda. Miaka mitatu."

"Alikuwa anamgombeza sana," bibi akasema. "Akiharibu moja tu, mzee anaitundika kwenye kamba ya nguo kila mtu aione."

"Yuko wapi sasa?"

"Alirudi kwao," bibi akasema. "Akatuma salamu miaka mingi, halafu zikaacha kuja."

Mume wangu aligeuza chapati iliyokuwa jikoni, akaibonyeza kingo. 

Tulikula uwanjani, sahani mapajani: chapati, mchuzi wa mbuzi, soda. Dada wa nywele alinipa mtoto nimshike akila. Walimuuliza mume wangu bei ya saruji, akajibu, kisha wakamuuliza kwa nini chapati zao hukauka, akawaeleza habari za maji moto na kuupumzisha unga, nami nikasikiliza kwa makini kama mwanafunzi, kwa sababu na zangu hukauka.

Jua lilikuwa bado halijazama tuliporudi hotelini. Alikaa dirishani. Nilitaka kumwacha apumzike, lakini nilishindwa.

"Mbona hukuniambia?"

Akanigeukia. "Unakumbuka siku tulikuja kwenu na wazee kukuposa? Baba yako aliniuliza, kijana, Nairobi ulikuwa unafanya nini? Nikasema biashara. Akauliza, biashara gani? Mjomba wangu akarukia, akasema ya jumla. Ikabaki hivyo. Sasa ningekujaje jikoni kwako nianze kukanda unga? Ungeniuliza nilijifunzia wapi. Nikaona ni heri nisishike kabisa."

"Na ulikuwa unaona aibu?"

"Wakati ule, ndio. Mwanaume, anabeba kikapu ya chapati barabarani, na jina la mtu wa chapati limenishika. Baadaye aibu iliisha lakini nilikuwa nimeshazoea kunyamaza." Akacheka kidogo. "Leo nimefurahi, lakini. Sijui kwa nini niliogopa."

Nilikuwa na maswali mengine mengi, na siku iliyofuata nilimuuliza yote tukitembea: mzee alikuwa anaimba akipika? Ulikuwa unalala saa ngapi? Uliwahi kunusa chapati ukachoka nayo? Alijibu kila moja, na mara nyingine aliendelea kusimulia hata kabla sijauliza linalofuata. Tulizunguka mji ule mtupu, tukapita bustanini, tukakaa kwenye ngazi za jengo lililofungwa tukila njugu. Sikumbuki hata nilichokiona siku hiyo. Nakumbuka alichosema.

Mwaka mpya tulienda kwetu, juu kidogo ya mto Chania, kuwasalimu wazazi wangu. Baba sasa ni mzee, anasikia kwa sikio moja. Baada ya chakula mume wangu alisogeza kiti upande wa lile sikio.

"Baba, ile siku ya wazee uliniuliza biashara yangu ya Nairobi. Nilikuwa napika chapati. Nauza kwa watu wa viwanda."

Baba alimtazama. Mimi na mama tuliacha kuondoa vyombo.

"Chapati?"

"Ndio, baba."

"Na siku ile mlikuja hapa mkatuletea mikate mikavu ya dukani?"

Mama alianza kucheka kwanza. Mume wangu akafunika uso kwa kiganja, mabega yakitikisika, na baba akaendelea kumtazama akingoja jibu, kwa sababu yeye hakuwa anafanya mzaha.