Goti Lililokataa Kukunjika

Harufu ya dawa ya nondo hunikausha mate mpaka leo. Ilitoka sandukuni siku mama alipofunua gomesi mbili za kuazima, moja yake na moja ndogo yangu, zenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana wa kung'aa. Dada yake alikuwa anaolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka, ambako gomesi ndilo gauni la heshima la wanawake, na mama alikuwa amepoteza kitambulisho. Basi tulivuka mto Malaba kwa njia ya panya, maji yakitufika magotini na gomesi tumezibeba begani, tukazivalia nyuma ya shamba la mihogo. "Sasa sisi ni wa huku," mama akasema. "Wewe funga mdomo tu." Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Sisi tulidhani nguo inatosha.

Nilijikwaa kwenye pindo njia nzima. Sokoni mama alisimama kununua ndizi za kupeleka harusini, na mama muuzaji akanitazama kwa tabasamu. Mdomo niliufunga kama nilivyoagizwa, lakini nikafuata adabu ya shuleni kwetu: nikasimama wima, nikamnyooshea mkono. Wasichana wa pale husalimia wakubwa kwa kupiga magoti, chini kabisa, vumbini. Watu wakacheka. "Eeh, watalii wa Kenya hawa, wamevaa gomesi yetu!" kijana mmoja akapaza sauti. Askari mwenye bunduki, aliyekuwa akitafuna muwa, akageuka akaja.

Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka ndani ya ile nguo ya watu. Akilini nilishamwona mama akichukuliwa, nami nikibaki katika nchi ambayo hata salamu yake siijui.

"Huyu mutoto ni wa nani?" askari akauliza.

Muuzaji akaushika mshipi wangu, akanivuta nikaangukia magoti. "Ni wa kwetu, sebo," akamjibu kwa heshima. "Goti lake linauma, ndio maana."

Askari akamtazama mama, akanitazama mimi, akatema makapi ya muwa, akaenda zake. Mama akalipa, akajitwika mkungu wa ndizi.

Siku hizi navuka Malaba mchana kweupe, kitambulisho mkononi, na gomesi ni yangu, imeshonwa kwa kipimo changu. Hakuna anayenisimamisha. Hata hivyo, muuzaji wa kwanza kunitazama huipokea salamu yangu nikiwa nimepiga magoti vumbini, mimi mama mzima wa watoto watatu. Hunisifu kwamba nimelelewa vizuri. Nami hushukuru, nikikung'uta magoti, huku macho yakimtafuta anayetafuna muwa.