Mpira Ulio Nyuma Yako

Ukuta wa uani ulipokaa kimya wiki nzima, jirani yao, fundi viatu, alibisha hodi. Miaka yote alikuwa akilalamika kwamba mpira wa Popo, binti wa nyumba ile, ukigonga ukuta unamgonga kichwani yeye. Sasa alitaka kujua kama kuna mgonjwa.

"Mwenzenu silali," alimwambia mama yake Popo. "Nimeshauzoea ule ugomvi."

Mama alicheka kidogo, akatupia jicho mlango wa chumba cha bintiye, akashusha sauti.

Binti alisikia yote. Jina la Popo alipewa na mjomba wake, mlinzi wa klabu ya skwoshi na kocha wake wa kwanza, kwa sababu utotoni alipiga mpira kwenye ukuta ule mpaka giza likaingia, akiufuata kwa masikio. Skwoshi, mchezo huo wa raketi na ukuta, ilimtoa hapo ikamzungusha nchi za watu, ikawa ndiyo kazi yake. Mjomba hakuchoka kumkumbusha sharti moja: mko wawili ndani ya chumba kimoja, nyote mnatazama ukuta mmoja, mpira ukiwa nyuma yako, usigeuke. Ni mpira mdogo. Unaingia sawasawa kwenye tundu la jicho, kama kizibo kwenye chupa.

Mwaka uliopita aligeuka. Jicho la kushoto likabaki na ukungu mtupu. Daktari alimwambia alitunze lililobaki, asiingie uwanjani bila miwani ya kinga. Akaivaa. Lakini jasho liliitia mvuke, na kila mara hofu ya kutouona mpira iliishinda hofu ya kupigwa nao, akaivua na kuitupa pembeni. Mama aliacha kwenda kumtazama. Alikaa nyumbani na simu mapajani, akiogopa isije ikalia.

Kwenye nusu fainali yake ya mwisho, wiki moja kabla ya jirani kubisha hodi, Popo alipangwa na msichana mdogo kwake, mwepesi, mwenye pumzi za kusikika. Alizisikia pumzi hizo nyuma ya shingo yake, viatu vikilia sakafuni, kisha mvumo wa raketi inayopanda. Akangoja mlio wa mpira.

Haukuja.

Mpinzani wake alikuwa ameudaka mpira kwa mkono, raketi ingali juu.

"Dada, mbona umegeuka?"

"Sijageuka."

"Dada yangu," msichana alisema taratibu, "si tunatazamana?"

Kweli, walikuwa wanatazamana. Ukuta ulikuwa mgongoni kwake, na hakujua shingo ilizunguka saa ngapi. Angeweza kuapa mbele ya yeyote kwamba hakugeuka. Refa aliamuru mpira urudiwe. Popo aliinama kama anayekaza kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Alipoinuka alimpa mwenzake mkono, mchezo ukiwa haujaisha.

Mjomba alimpokea mlangoni. Hakumkaripia, wala hakumuuliza kitu ila kama anataka maji. Nyumbani, mama alimshika uso kwa mikono miwili, akalikagua jicho la kulia, kisha akalikagua tena.

Sasa Popo anafunga nyuzi za raketi katika chumba kidogo cha klabu ileile anayolinda mjomba. Meza ameisogeza kwenye kona, na hukaa mgongo ukiwa umegusa ukuta, uso mlangoni. Miwani anaivaa.