Kadi Iliyomwangukia Mke Mdogo

Nimesimama miaka mingi mbele ya darasa hapa Bariadi nikiwafundisha watoto wa watu maana ya demokrasia, chaki mkononi, sauti juu, utadhani niliianzisha mimi. Ndiyo maana hili ninaloliandika linaniaibisha mara mbili.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikapata kibarua cha udodosaji. Tulizunguka vijijini na vishikwambi, tukiwauliza watu wanaionaje serikali yao: maji, zahanati, barabara, uhuru wa kusema. Msimamizi wetu alituimbia sheria moja mpaka tukaikariri. Mdodosaji hachagui mtu wa kumhoji. Zamu ikiwa ya mwanamke, wanawake wazima wa kaya wanaokota kadi zilizofunikwa, na mwenye kadi yenye alama ndiye atakayejibu, peke yake, bila wa kumsaidia.

Kaya hiyo ilikuwa upande wa Itilima, ya baba mmoja mwenye ng'ombe wengi na wake wawili. Alinipokea vizuri mno. Nilipewa kiti, nikapewa maziwa ya mgando, na wake zake wakapiga magoti kunisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," wakiniita mama, mimi niliye sawa na binti yao mkubwa. Nikaeleza kwamba zamu yao ni ya mwanamke, na habari ya kadi. Wakaokota huku wakicheka, na alama ikamwangukia mke mdogo.

"Mimi?" akauliza. Akaitazama kadi, akamtazama mwenzake. "Nisubiri kidogo, mayu. Siwezi kuongea na serikali na nguo ya shambani."

Akaingia ndani. Ilikuwa niseme hapo hapo kwamba mimi si serikali. Sikusema. Nilipenda kidogo kuitwa hivyo, na huo ndio ukweli.

Mume akavuta kigoda chake karibu. "Huyu hajui mambo hayo, mayu. Atakupotezea muda tu. Niulize mimi."

Nilijua jibu la kumpa. Tulifundishwa siku nzima namna ya kulitoa kwa adabu. Lakini maziwa yake yalikuwa bado mdomoni mwangu, jua lilikuwa linashuka, nilikuwa na kaya mbili mbele, na kusema kweli nimekulia katika nyumba kama hiyo. Mgeni akija na karatasi, baba ndiye aliyemjibu, na mama akasimama mlangoni. Penye jinsia ya mhojiwa nikaandika "mwanamke", nikaanza kumuuliza mwanamume.

"Huduma ya maji hapa ikoje?"

"Nzuri sana. Serikali inajitahidi."

Mke mdogo alitoka wakati huo. Alikuwa amenawa uso na kujipaka mafuta, amevaa kitenge ambacho mikunjo ya sandukuni ilikuwa haijanyooka. Akaketi chini pembeni yetu, kadi mkononi, akangoja. Alidhani mume anamalizia maongezi ya kawaida. Nilimwona akilitambua jambo polepole, swali baada ya swali, na kila alipoinua macho mimi niliinamisha yangu kwenye kioo cha kishikwambi.

"Je, mtu wa hapa yuko huru kusema anachofikiri?"

"Huru kabisa," akasema baba mwenye kaya, bila kugeuka.

Mke mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Nami nikabonyeza "huru kabisa". Kidole changu hakikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo.

Tulipomaliza, yeye ndiye aliyetumwa kunisindikiza hadi barabarani nilikoacha bodaboda. Tulipofika akaninyooshea kadi kwa mikono miwili.

"Umeisahau hii. Mimi unaniuliza lini?"

"Tutarudi," nikasema.

"Basi ukirudi uanze na maji. Pampu imekufa tangu mtoto wangu wa mwisho hajazaliwa. Tunachota mtoni kwenye mchanga, tunafukua kwa bakuli. Mume wangu hajui, hajawahi kwenda." Alisema haraka haraka, kama mtu aliyeyapanga maneno hayo alipokuwa akijipaka mafuta. "Umeandika?"

Kishikwambi kilikuwa mkononi mwangu, bado kinawaka. Ningeweza kuyafuta majibu yote, tukaketi pale pale kwenye majani tukaanza upya. Ingetuchukua saa moja.

"Nimeshika," nikamwambia, nikajigusa kichwa.

Alifurahi. Alishukuru, ndiyo, alinishukuru mimi, akavuka barabara na kusimama upande wa pili kungoja niondoke, kama ilivyo desturi ya kumsindikiza mgeni.

Ukurasa wa mwisho wa dodoso hujazwa na mdodosaji mwenyewe. Ulikuwa na swali moja: Je, mhojiwa alijibu mwenyewe, bila mtu mwingine kumsemea?

Nikabonyeza "Ndiyo", nikapanda bodaboda. Yeye alikuwa bado ananipungia mkono.