Lango Lililohamishwa

Watu wakipita kwenye lile kanisa la mawe la upande wa Moshono husema, "Hii ni kazi ya Gidion." Wageni huonyeshwa pembe za kuta zilivyonyooka. Ni kweli zimenyooka. Lakini mimi nilimjua Gidion kabla hajawa Gidion, alipokuwa Lomayani, mume wangu. Na udongo wa kuta zile ulikorogwa kwa maji niliyoyabeba mimi mgongoni.

Ujanani alichukuliwa kwa nguvu kwenda Moshi kubeba mizigo ya Wajerumani. Wenzake walitoroka njiani. Yeye alibaki, akaingia kwa fundi mmoja wa Kihindi, akajifunza uashi na Kiswahili. Aliporudi hakuwa na mbuzi wala blanketi. Alikuwa na mwiko, na timazi, yaani kipande cha chuma kilichoning'inia kwenye uzi. Vijana walimcheka.

"Lomayani amefuga chuma," walisema. "Amekifunga kamba kisitoroke."

Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa naye. Baadaye akamwoa Sinyati, mdogo kwangu kwa miaka mingi, msichana mwenye kicheko na maneno mengi. Tuliishi naye vizuri. Sina la kumsingizia.

Kisha mchungaji wa Kizungu akamwita Lomayani, akamwonyesha karatasi yenye picha ya kanisa. Lomayani aliitazama karatasi ile mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni. Asubuhi alichota majivu kwenye jiko langu, akachora kanisa lote chini, mbele ya zizi. Akaanza kutembea ndani ya mistari kama mtu aliye nyumbani mwake.

"Huu mlango. Huku wanaume, huku wanawake. Pale mchungaji."

"Na mimi nikae wapi?" Sinyati akauliza.

"Wewe kaa hata nje. Mdomo wako utasikika mpaka ndani."

Tulicheka sote. Siku ile nilimwona mume wangu mtu mkubwa.

Mchungaji akatangaza kwamba mafundi na wake zao waliosoma darasa la ubatizo watabatizwa siku kanisa litakapofunguliwa. Na mwanamume mwenye wake wawili atabaki na yule aliyemwoa kwanza. Mwingine atarudi kwao. Niliposikia hayo sikuogopa. Wa kwanza ni mimi. Nilimwonea Sinyati huruma, nikawa nampa maziwa ya ng'ombe wangu kwa sababu nilijua ataondoka.

Kazi ikaanza. Lomayani alichagua mahali, akapiga vigingi, akavuta kamba, akachimbisha msingi mpaka udongo mgumu. Mawe yalitoka mtoni upande wa Kijenge. Wanaume waliyavunja, wengine kwa hiari yao, wengine kwa amri ya jumbe. Sisi wanawake tulibeba maji. Jiwe lililokaa vibaya Lomayani alilitoa hata kama ukuta umepanda, na wajenzi walinung'unika mpaka wakachoka. Hakupiga mtu. Alisimama tu akitazama timazi yake, na wao wakalitoa jiwe.

Kuta zilipofika kifuani, ikabidi miti ya paa iletwe kutoka msituni, juu mlimani. Lomayani akataka ipasuliwe mbao bomani kwetu, chini ya macho yake. Lakini lango letu lilikuwa upande wa chini, na magogo yalitoka juu. Akaliziba lango la zamani kwa miiba, akafungua jipya upande wa juu.

Kwetu sisi Waarusha, ukiingia lango la boma, nyumba ya kuume ni ya mke wa kwanza, ya kushoto ni ya wa pili. Hakuna anayeuliza. Lango linakuambia. Sasa lango lilipohamia juu, nyumba yangu ikawa kushoto, na ya Sinyati ikawa kuume. Nilimwambia Lomayani.

"Hilo ni la magogo tu," akasema. "Paa likiisha tutalirudisha."

Magogo yakapita. Mbao zikapasuliwa. Lango likabaki pale pale.

Ndipo akaja mwinjilisti Kisioki, Mwarusha mwenzetu kutoka upande wa magharibi ya mlima, kuwapitia watakaobatizwa. Mimi nilikuwa mtoni. Aliingia kwa lango jipya, Lomayani akiwa kando yake, akageukia kuume. Sinyati akatoka, akainamisha kichwa apate kusalimiwa.

"Takwenya," Kisioki akamwambia.

"Iko," Sinyati akaitikia, akampa maziwa.

Kisioki hakuuliza huyu ni mke wa ngapi. Mtu aliyelelewa vizuri haulizi jambo ambalo lango limeshamwambia. Akanywa, akashukuru, akaenda kumpa mchungaji habari. Na Lomayani, aliyeweza kuona jiwe limepinda kwa unene wa kucha, alinyamaza.

Habari nilizipata darasani, mbele ya watu. Kisioki alisimama akatamka watakaobatizwa pamoja, mume na mke. "Lomayani na Sinyati."

Nilisimama. "Baba, umekosea. Mke wa kwanza ni mimi."

"Nyumba yako ni ya kushoto, mama."

"Lango lilihamishwa!"

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Na kesho atatuambia mlima umehamishwa!" Nikamtazama Lomayani. Alikuwa akikwangua udongo mkavu kwenye kidole gumba.

"Sema, baba Simel," nikamwambia. Simel ndiye mtoto wetu. "Sema lango lilikuwa wapi."

"Lango lipo lilipo," akasema.

Majirani walijua. Lakini wanaume wao walikuwa wakijenga chini yake, na aliyefanya kazi ya kanisa jumbe hakumpeleka kwenye kazi ya barabara. Hakuna aliyefungua kinywa. Kaka yangu Kasaine alikuja kusema kwa niaba yangu. Wazee wakamwambia angoje mpaka jengo liishe.

Nikaenda kwa mchungaji mwenyewe. Wakati ule sikujua Kiswahili, na yeye lugha yetu ilikuwa bado inamshinda. Kisioki alikuwa amesharudi kwao. Mchungaji akaagiza aitwe mtu wa kutafsiri. Akaja Lomayani, mikono imejaa chokaa.

Nilisema yote. Nilisema polepole, nikionyesha kwa mikono, lango huku, lango kule. Mchungaji alinisikiliza kwa upole mpaka nikamaliza. Kisha Lomayani akasema maneno machache sana. Mchungaji akatikisa kichwa, akanishika bega kwa huruma, akajibu.

"Amesemaje?"

"Amesema atakuombea," Lomayani akaniambia.

Nikarudi kubeba maji. Mtu ataniuliza kwa nini. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa maji, na asiyetoa alikutana na kiboko cha jumbe. Basi nilibeba, nikiona kila safu ya mawe inavyoisogeza siku yangu. Mvua iliponyesha kazi ikasimama, nikalala vizuri. Mabati yalipocheleweshwa na matope njiani kutoka Moshi, nikashukuru. Lakini mvua ilikatika, na mabati yakaja. Lomayani alipanda mwenyewe juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa, akapigilia mpaka la mwisho. Kisha akapaka chokaa, akatembea ndani peke yake akigusa kuta.

Siku ya kufungua, watu walijaa mpaka nje. Nilikaa chini ya madirisha na wanawake wasiobatizwa. Nilisikia mchungaji akiuliza jina, na Lomayani akijibu, "Gidion." Kisha Sinyati, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Elizabeth."

Kesho yake Kasaine alileta punda. Nilifunga vibuyu vyangu na ngozi. Simel alibaki, kwa maana mtoto ni wa baba yake. Aliambiwa akachunge, ili asinione nikiondoka.

Gidion alikuja na vijana wawili na shoka. Alitaka kubomoa nyumba yangu, mahali pale ajenge ya mawe, ya Elizabeth. Ile nyumba niliijenga mimi na mama yake nilipoletwa pale. Miti niliikata mimi, na samadi niliipaka kwa viganja vyangu. Aliizunguka, akatikisa mti mmoja, akatikisa mwingine. Akaniita mama Simel kwa lugha yetu, kama alivyoniita siku zote.

"Ng'oto Simel, mti upi umebeba dari? Nisije nikaua vijana."

Kasaine akasema, "Usimjibu, twende."

Wale vijana wawili walikuwa wamesimama ndani, chini ya paa, wakinitazama. Niliweka chini kibuyu, nikaingia, nikauonyesha.